Jinsi Nunow Alivyolifuta Kofi Lake Serikalini

Nyamazeni, enyi wana wa Garissa, mnaotafuna na mnaokunywa, mlioketi na mliosimama kwa kukosa kiti. Mwenye mtoto analia ambembeleze, mwenye simu aigeuze kifudifudi, na yule anayepika chai asimame hapo hapo na mwiko wake. Mmesikia habari za majemedari walioteka miji, na za watu waliovuka majangwa kwa kiriba kimoja cha maji. Vizuri, hongera kwao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuambiwa arudi wiki ijayo. Mimi leo nawasimulia habari za mtu aliyeingia ofisi ya serikali akiwa na doa, akatoka hana doa, na baada ya hayo yote bado yu hai, ana meno yake yote, na anakaa mtaa wa Iftin nyuma ya kibanda cha makaa.

Jina lake ni Nunow mwana wa Abdikarim, Simba wa Barabara ya Modogashe, Mbeba Saruji, Mmeza Vumbi, Asiyeogopa Mlima wala Mizani, na juu ya yote, Mwenye Kofi Moja. Hilo la mwisho lahitaji maelezo, kwa kuwa ndilo lililomponza.

Yajulikana na kila mtu kwamba katika soko letu la mifugo bei haitajwi kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shali, na vidole ndivyo huzungumza: hiki kikibanwa ni kiasi fulani, hivi vikibanwa ni kiasi kingine, na jirani mwenye macho marefu hubaki akitazama kitambaa kinachocheza. Basi miaka michache iliyopita, Id ikiwa inakaribia, Nunow aliingiza mkono wake chini ya shali ya Yarrow, dalali wa mbuzi, mtu mwembamba mwenye sauti nene. Vidole vikazungumza. Shali ilipofunuliwa, Nunow aliapa kwamba alibana kidole kimoja na nusu, na Yarrow aliapa kwamba alibanwa viwili vizima. Kila mmoja alileta mashahidi, nao mashahidi wote walikuwa wameona kitambaa. Ndipo Yarrow, mbele ya halaiki ya watu na ya punda, akasema kwamba lori limemla Nunow akili hata hajui vidole vyake mwenyewe.

Wallahi, laiti angesema lolote jingine. Mkono wa kuume wa Nunow, mkono ulioshika usukani mchana na usiku, uliozoea kukata kona bila kuuliza, ulinyanyuka kama bendera ya vita, ukasimama kidogo hewani kana kwamba unatafuta maegesho, kisha ukateremka juu ya shavu la Yarrow. Wasemao husema mlio ule ulisikika mpaka darajani. Wasemao huongeza chumvi. Ulisikika mpaka kwa muuza nyasi. Mbuzi mwenyewe, sababu ya vita, alikuwa akila katoni.

Kituo cha polisi hakikuwa mbali, na hasira ya Yarrow ilikuwa bado ina miguu. Alikwenda akashtaki. Nunow akachukuliwa, na vile vidole vilivyokosana na vya mwenzake chini ya shali vikapakwa wino kimoja baada ya kingine, vikagandamizwa kwenye karatasi, na karatasi ikapelekwa mbali. Kabla ya Magharibi alikuwa amedhaminiwa na yuko nje, anapangusa mikono kwa mchanga.

Kesho yake wazee wakaingia kati, kama ilivyo ada. Mzee Nuh, mwenye ndevu nyekundu za hina na goti linalotabiri mvua, aliwakalisha pande mbili. Maslaha, yaani suluhu ya wazee, yakafanyika. Watu wa Nunow walimnunua mbuzi yule yule, wakamchinja, na Yarrow aliyepigwa akapewa ini, kwa sababu mwenye maumivu ndiye hula laini. Mikono ya wawili hao ikawekwa pamoja, dua ikasomwa, na Mzee Nuh akatangaza sheria ambayo babu zake waliitangaza kabla yake: jambo limezikwa, na atakayelifukua atalipa maradufu. Watu wakasema amina, wakapangusa mafuta mdomoni, wakaenda zao. Hakuna aliyepitia kituoni kumwambia afande. Apitie kufanya nini? Jambo lilikuwa limekwisha mbele ya Mungu, mbele ya wazee na mbele ya mifupa.

Miaka ikapita juu ya kaburi hilo. Nunow aliendelea kupeleka saruji na unga kaskazini, akirudi nyumbani mara chache hivi kwamba bintiye mdogo, Barwaqo, kila alipomwona mlangoni alikimbia kumwambia mamaye kuna mgeni, na mgeni ana njaa. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili alicheka Nunow peke yake. Mara ya tatu mama mtu, Ebla, binti wa watu wenye maneno machache yenye makali, alimwekea mumewe chai katika kikombe kile cha maua kinachowekewa wageni.

Kikombe kile kilifanya kazi kuliko mkutano wa ukoo. Mwaka huu, mvua ya masika, Gu, ilipokwisha na nyasi zingali mbichi, Nunow alisikia kwamba zahanati moja ya mjini inatafuta dereva wa ambulensi, kazi ya kulala nyumbani. Msimamizi wa zahanati hiyo ni Fosia, mwanamke asiyetabasamu ila mwisho wa mwezi. Alimjaribu kwa kumwambia arudishe gari nyuma katikati ya mikokoteni miwili ya punda wa maji. Nunow alirudisha kama anayeingiza uzi kwenye sindano, na punda mmoja hata hakuacha kusinzia. Fosia akasema kazi ni yake. Akabakiza jambo dogo tu, akalisema huku akitafuta miwani yake: alete cheti cha tabia njema. Nafasi ingemngoja mpaka mvua ya vuli, Deyr, ianze, kwa maana barabara zikiharibika zahanati haiwezi kukaa na dereva wa kuazima.

Jambo dogo. Enyi mlioko nyuma, mmesikia? Jambo dogo.

Nunow aliomba cheti kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Akapeleka vidole vyake tena, vikapakwa wino tena, akangoja kwa utulivu wa mtu asiye na kosa. Jibu liliporudi halikuwa cheti. Lilisema kwamba Nunow mwana wa Abdikarim ana kesi ya kushambulia, na kwamba kesi hiyo ingali wazi. Kwa lugha yetu: mbele ya wazee kofi lilikuwa limezikwa, lakini mbele ya serikali mkono wake ulikuwa bado uko hewani.

Aliingia nyumbani amekunja uso, akamweleza mkewe. Ebla alikuwa akichambua mchele, naye hakuinua kichwa.

"Kumbe mimi nimeolewa na jambazi," akasema. "Miaka yote hii, na hujaleta nyumbani hata kitu kimoja cha wizi."

"Ebla, hili si jambo la mzaha."

"Mzaha ni kukaa hapa. Nenda kawaulize kulifuta kunachukua muda gani."

Hilo ndilo swali. Hilo ndilo joka lenye vichwa saba ambalo shujaa wetu alitoka kulikabili asubuhi ile, amevaa shati la Ijumaa, amejipaka manukato, kana kwamba doa huogopa harufu nzuri. Kituoni alimkuta afande wa zamu, mtu mpole wa kutoka bara, aliyelitafuta faili mpaka akalipata chini ya mafaili mengine, likiwa limenenepa kwa vumbi kuliko kwa maneno. Nunow akalitoa swali lake.

"Afande, kulifuta hili kutachukua muda gani?"

"Si muda mrefu."

"Si muda mrefu ni kama muda gani?"

"Inategemea."

"Inategemea nini, afande?"

Afande aliwaza, maana alikuwa mtu mwaminifu. "Inategemea na muda," akasema.

Lakini alimweleza njia, na njia ilikuwa hivi: aliyeshtaki aje mwenyewe, kwa miguu yake, aseme hana tena haja na kesi. Hapo faili litapanda kwa mwendesha mashtaka, naye akiridhika atalifunga, kisha habari itapelekwa Nairobi, nao wa Nairobi watasafisha jina, halafu Nunow ataomba cheti upya. Shujaa wetu aliposikia neno "halafu" likirudi mara nyingi hivyo alishika meza kidogo.

Na Yarrow alikuwa wapi? Yarrow alikuwa ameacha udalali wa mbuzi, amehamia Buna, huko Wajir Kaskazini, kuuza na kununua ngamia.

Basi Nunow akafunga safari. Aliomba shehena ya kaskazini, na tajiri wake, asiyejua kwamba anasaidia kumpoteza dereva wake, akampa unga wa kupeleka Wajir. Akaliwasha lori lile zee lenye mlango mmoja wa rangi na mmoja wa kutu, akapita Modogashe ambako aliwaambia wenzake wa malori kwamba anakwenda kusamehewa, nao wakamwombea kana kwamba anakwenda Makka. Akashusha unga Wajir, akaendelea na lori tupu, likirukaruka kama mwanafunzi aliyefunga shule, mpaka Buna, na huko akamkuta Yarrow kisimani akiwahesabu ngamia kwa kuwatukana majina.

Mkidhani Yarrow alinuna, hamtujui. Alimkumbatia kama ndugu wa titi moja. Akamuuliza habari za Ebla, za mtoto, za lori, za goti la Mzee Nuh, za mvua ya kila kijiji baina ya pale na Garissa. Maziwa ya ngamia yakaletwa, chai ikaletwa, nyama kavu ya nyirinyiri ikaletwa. Jua lilikuwa limegeuka upande wa pili kabla mgeni hajaruhusiwa kuwa na shida. Ndipo Nunow akaeleza, na uso wa Yarrow ukafungwa kama duka wakati wa swala.

"Walaal, ndugu yangu," akasema, "mimi nilikusamehe. Ini nililila. Lilikuwa tamu. Sasa unataka niende kwa askari niseme nimekusamehe tena? Kwani ule msamaha wa kwanza ulikuwa bandia?"

"Ulikuwa wa kweli. Serikali ndiyo haikusikia."

"Basi masikio ni yake. Wewe fikiri. Watu wataniona kituoni, jina lako liko mdomoni mwangu, kofi liko mdomoni mwangu. Watasema nini? Yarrow amefukua. Na mwenye kufukua analipa maradufu. Hata hili shavu nikilitaja tu litaanza kuuma."

Na hapo, wenzangu, ndipo shujaa wetu alipoona ukubwa wa mtego. Serikali ilisema: jambo halikwisha, kwa hiyo lizungumzeni liishe. Wazee walisema: jambo limekwisha, kwa hiyo atakayelizungumza ole wake. Baina ya sheria hizo mbili alisimama mtu mmoja na lori tupu. Watu wa miji mingine hufungwa na sheria moja. Sisi Mungu ametuzidishia.

Katika kukata tamaa kwake Nunow alisimama, akavua kofia, akalitoa shavu lake mwenyewe. Akamwambia Yarrow ampige, hapa hapa, mbele ya ngamia, ili wawe sawasawa, kisha waende wote wawili kituoni kama watu wenye shughuli mpya.

Yarrow alilitazama lile shavu kwa muda, na sisemi hakutamani. "Hapana," akasema mwishowe. "Na mimi siku moja naweza kutaka kazi."

Shujaa akarudi kusini, amelegea kama hema lililong'olewa nguzo. Njia nzima hakufungua redio. Aliwahi kunyimwa mengi kwa chuki na hakujali. Kunyimwa kwa mapenzi, tumbo likiwa limejaa maziwa ya anayekunyima, ndiko kulikomvunja. Nyumbani Ebla alimwekea chai. Kikombe kilikuwa kile cha maua. Nunow alikitazama, akakiacha kipoe, akatoka kwenda kwa Mzee Nuh.

Baraza likakaa dukani kwa Mzee Nuh, juu ya magunia ya mchele, na kikao hicho ni katika vikao vikubwa vilivyopata kuonekana katika Iftin tangu kile cha kugombania bomba la maji. Hoja ilikuwa moja: je, kumwambia askari ni kufukua? Mzee mmoja alisema ni kufukua, kwa sababu serikali si ukoo, na mambo ya ukoo hayatoki nje. Mwingine akasema serikali ni ukoo, tena ni ukoo mkubwa kuliko zote, unadai kila mtu na hakuna amjuaye babu yake. Wa tatu alikuwa amekuja kununua sukari, lakini naye alitoa maoni, marefu. Chai ikapikwa, ikaisha, ikapikwa. Nunow aliketi karibu na mizani, akiwaza mvua ya Deyr na namna isivyongoja baraza.

Mwisho Mzee Nuh akalinyoosha goti lake baya, na watu wote wakatulia, maana goti hilo likinyooshwa huwa na neno.

"Tulipochinja yule mbuzi," akasema, "tulimwita nani? Tulimwita aliyepiga, tukamwita aliyepigwa, tukaita jamaa za huyu na jamaa za huyu. Askari tulimwita? Hatukumwita. Na Yarrow alikwisha kumwambia, kwa hiyo askari naye alikuwa ndani ya jambo. Sasa nyinyi nambieni. Jamaa akiwa mbali malishoni siku ya maslaha, si hupelekewa habari? Anayempelekea habari huwa amefukua?"

Watu wakasema, hapana, adeer, ami yetu, huyo huwa amefikisha.

"Basi serikali ni jamaa aliyekuwa malishoni. Ameshinda huko miaka yote, amekasirika kwa niaba ya Yarrow, na Yarrow mwenyewe hana habari. Mwende mkamwambie apunguze hasira."

Simu ikapigwa Buna, sauti ikafunguliwa dukani pote, na hukumu ikasomwa. Upande wa pili zilisikika kengele za ngamia. Kisha Yarrow akauliza kama ni kufikisha au ni kufukua. Wazee wote, na yule wa sukari pia, wakajibu kwa pamoja: ni kufikisha. Yarrow akasema basi anakuja. Na Nunow, Simba wa Barabara ya Modogashe, aligeuka akatazama magunia ya mchele kwa makini sana, kama mtu anayesoma maandishi yake, mpaka macho yakakauka.

Yarrow hakuja siku hiyo wala wiki hiyo, kwa sababu aliye na ngamia hana kalenda. Alikuja alipopata lori la mifugo linaloteremka sokoni. Wakaingia kituoni mstari mmoja kama jeshi: Mzee Nuh mbele na bakora yake, Yarrow katikati, Nunow nyuma na shati la Ijumaa. Mzee Nuh akatoa hotuba. Alianza na kuumbwa kwa ulimwengu, akaja kwa babu wa pande zote mbili, akaupitia ukame mkubwa, na alipokaribia soko la mifugo afande aliomba, kwa adabu, kuzungumza na aliyepigwa.

Akamuuliza kama ni kweli hataki tena kesi. Yarrow akasema kweli. Akamuuliza kama amelazimishwa. Yarrow akasema hakulazimishwa, alilishwa, tena ini, na ilikuwa zamani.

"Uliumia?" akauliza afande.

"Sana," akasema Yarrow. "Lakini mimi niliumia siku moja. Huyu anaumia mpaka leo. Andika hivyo."

Afande akaandika. Yarrow akatia sahihi kwa mbwembwe za mtu anayeuza kundi zima. Nje ya lango walipeana mikono, hadharani, bila shali, na Yarrow akaenda kutafuta lori la kumrudisha, akilalamika kwamba mji huu siku hizi una watu wengi mno na mbuzi wachache mno.

Mnadhani tumefika? Kaeni chini. Vita vilikuwa vimekwisha. Kungoja ndiko kulikuwa kunaanza.

Faili lilipanda kwa mwendesha mashtaka, likakaa. Likafungwa, habari ikapelekwa Nairobi, ikakaa. Nunow aliuzingira ule mlango wa ofisi kama mfalme anavyozingira ngome. Akienda asubuhi, anayehusika amekwenda mkutanoni. Akienda mchana, anayehusika yuko lakini mitambo imelala. Aliuliza mitambo italala mpaka lini, akaambiwa si muda mrefu. Alizoeleka pale hivi kwamba watu wapya walimsalimia kwanza yeye, wakidhani ni mfanyakazi, naye akawa akiwaelekeza dirisha la kwenda, na mama mmoja alimshukuru akasema ofisi zingekuwa na watu kama wewe tungefika mbali. Mbuzi wa Ebla, aliyekuwa na mimba kubwa siku cheti kilipoombwa, alizaa. Mwana wa mbuzi akaota pembe, akaanza kula kamba ya nguo. Jirani aliyeanza kuchimba msingi aliezeka. Harusi mbili katika mtaa ziliandaliwa, zikafanyika, na moja kati yake ilikwisha kuvunjika. Kofi lilichukua kupepesa kwa jicho. Kulifuta kulikuwa kumekula kiangazi kizima na bado kulikuwa na njaa.

Jina likasafishwa. Akaambiwa sasa aombe cheti upya, kwa kuwa lile ombi la kwanza lilikuwa la yule mtu mwenye doa. Akatoa vidole kwa mara ya tatu. Mwenye wino akamwambia, huku akivibingirisha, kwamba vidole vyako nimevizoea, nikikutana navyo barabarani nitavisalimu.

Kisha goti la Mzee Nuh likauma, na mawingu yakasimama juu ya mto Tana. Deyr ilikuwa imefika.

Tone la kwanza lilipogonga mabati ya Iftin, Fosia alipiga simu. Alisema neno lake ni neno, na neno lake lilikuwa mvua. Kuna kijana mmoja, Liban, ameleta karatasi zake zote, safi. Kijana mdogo, hajapata hata muda wa kukosea. Kesho adhuhuri atampa ufunguo mmoja wao, yeyote atakayekuwa amesimama mbele ya meza na cheti mkononi. Nunow alijibu inshallah, akakata simu, akakaa juu ya ndoo. Tajiri wa lori alikuwa amempangia shehena ya Mandera kesho hiyo hiyo jioni. Ebla alilijua hilo. Alimfulia shati la Ijumaa, akalianika ndani, juu ya jiko.

Asubuhi barabara zilikuwa mito na mito ilikuwa bahari. Nunow alivua viatu, akavishika mkononi, akapandisha kikoi magotini, akaingia majini. Aliipita mikokoteni iliyokwama na punda waliokata shauri la kustaafu. Aliteleza mbele ya duka la vitambaa, wasichana wakacheka. Akainuka, akaendelea, nusu binadamu nusu udongo. Dirishani palikuwa na foleni. Na hapo, ama kweli wema hauozi, wale watu aliokuwa akiwaelekeza miezi yote walimtambua, wakampisha mbele, wakidhani mfanyakazi amechelewa kazini.

Mitambo ilikuwa macho. Cheti kilitoka. Kilikuwa karatasi moja, nyepesi, na kilisema kwamba Nunow mwana wa Abdikarim hana lolote. Akalisoma neno hilo, hana lolote, na hajawahi kusifiwa hivyo maishani mwake. Akakifunga katika mfuko wa nailoni, akakitia ndani ya shati, akauvuka tena ule mji.

Adhuhuri ikiwa inaadhiniwa aliingia kwa Fosia, akidondosha maji sakafuni. Liban alikuwa ameketi pale, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, bahasha magotini. Kijana alimtazama mtu yule wa matope kutoka nyayo hadi utosi, akasimama kumpisha kiti.

"Kaa, adeer. Umetoka mbali?"

"Mbali sana," akasema Nunow. "Buna."

Fosia alikifungua kile kifuko cha nailoni kwa ncha za vidole. Akakitazama cheti kwa muda wa mtu anayetazama saa. Kitu kilichogharimu mvua mbili, jangwa na baraza, alikipa mtazamo mmoja, akakitupa ndani ya droo, juu ya vyeti vya wenzake waliokuwa na tabia njema kabla yake. Halafu akautelezesha ufunguo juu ya meza, akamwahidi Liban nafasi itakayofuata, na akamwambia Nunow asije tena ofisini kwake na udongo.

Nunow aliushika ufunguo. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kama cheti kile sasa ni cha milele.

"Milele?" akasema Fosia. "Sisi hapa ni mwaka mmoja. Mwakani utaleta kingine."

Shujaa akasimama, akahesabu moyoni, mvua kwa mvua, mbuzi kwa mbuzi, akaona kwamba aanze kuomba hicho kingine kabla hajafua shati.

Basi waandishi wa tarehe na waandike. Wakimaliza kuandika ni nani aliyejenga daraja na ni nani aliyechimba kisima, waache nafasi ya mtu aliyekwenda mpaka Buna kuirejesha sifuri yake, akaipata, akarudi nayo kavu. Mashairi yatungwe, ngoma zipigwe, na afisi zote zifungwe siku hiyo kwa heshima yake, ingawa wengi hawataona tofauti.

Jioni ile mvua ilikata kidogo. Ambulensi nyeupe iliingia Iftin polepole, ikakata kona ya kibanda cha makaa, ikaegeshwa mlangoni kwa Ebla, taa zake zikazimwa. Majirani walipoiona walitoka mbio, wanawake wamejifunga shuka, wazee wanasoma dua, wakauliza kwa hofu ni nani anaumwa.

Ebla alisimama kizingitini, akawatazama wote, na huo ndio utangazaji rasmi wa ushindi, kama ulivyosikika siku hiyo.

"Hakuna anayeumwa," akasema. "Ni baba watoto amepona."